Teke linakwama kifuani na paja linauma: je, nimechelewa?

"Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naendesha bajaji hapa Tanga. Nina miaka mitatu kwenye karate na sasa nina mkanda wa kijani. Mawashi geri yangu, lile teke la kuzungusha, inafika kifuani. Nikitaka kuzidisha, ama naangukia nyuma ama goti linashuka. Vijana ninaofanya nao wanapiga kichwani kama mchezo. Kila tukimaliza mazoezi tunapangwa wawili wawili tupige msamba, mmoja anamkandamiza mwenzake mgongoni mpaka ashuke. Tunaambiwa tuvumilie, maumivu ndiyo mishipa inafunguka. Lakini sasa ni miezi mitatu nasikia maumivu chini ya tako la kulia, palepale ninapokalia, na nikiendesha saa mbili mfululizo lazima niegemee upande mmoja. Wengine wananiambia mtu akivuka miaka 25 mifupa imeshakomaa, nisijisumbue. Ni kweli? Nifanye mazoezi gani nifike kichwani? Na je, kuna mafuta ya kuchua yanayolainisha mishipa?"

Kaka, kwanza mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa nilivaa gi, sare ya karate, miaka mingi kabla sijavaa koti jeupe. Umeniletea maswali mawili kwenye mfuko mmoja: teke, na tako. Wewe umetanguliza teke. Mimi natanguliza tako, maana ukiendelea unavyoendelea, hata hilo teke la kifuani litashuka.

Keti kwenye kiti kigumu, tia kiganja chini ya tako. Kuna mfupa utaugusa, mgumu, una umbo la kinundu. Huo ndio mfupa wa kukalia. Misuli mitatu ya nyuma ya paja inaanzia hapo kwa kano nene, inateremka hadi chini ya goti. Ukiinama mbele magoti yakiwa yamenyooka, kano hiyo inavutwa, na papo hapo inabanwa kwenye mfupa, kama kamba ya ndoo inavyosuguliwa kwenye ukingo wa kisima. Kamba haikatiki kwa siku moja. Inaanza kuchanua nyuzi.

Sijakushika kwa mkono wangu, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini maumivu yaliyokaa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, yanayozidi ukikaa muda mrefu, yaliyoanza kipindi ambacho mtu anakandamizwa mgongoni mara kadhaa kwa wiki, kwa uzoefu wangu mara nyingi ni hiyo kano. Na kosa ambalo karibu kila mwanamichezo hulifanya hapa ni kuinyoosha zaidi. Anasikia pamekaza, anadhani dawa ni kuvuta. Akivuta anapata nafuu ya nusu saa, kesho yake asubuhi anachechemea. Kumbe kila akivuta anaibana tena kwenye mfupa uleule.

Kwa hiyo nyuma ya paja la kulia usipavute kabisa kwa sasa. Usiiname kugusa vidole, usipige msamba wa mbele na nyuma, wala mtu asikukalie mgongoni. Na hilo la mtu mgongoni ningekukataza hata kama huumwi. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka 19 mwenzangu aliniegemea kwa uzito wake wote, nikasikia kitu kama kanga inachanwa, na miezi sita iliyofuata nilikuwa naenda dojo, ukumbi wa mazoezi, kutazama tu. Anayekukandamiza hana njia ya kujua umefika wapi. Anajua ukipiga kelele, na hapo anakuwa ameshachelewa.

Najua si rahisi kumwambia sensei, mwalimu wako. Usibishane naye mbele ya wanafunzi. Mfuate kabla ya mazoezi, umwambie: "Sensei, nimeambiwa kano ya paja imeumia, naomba nisikandamizwe mpaka ipone, nitafanya mazoezi mengine pembeni." Wengi wao nao walikandamizwa hivyohivyo na walimu wao, wanarithisha walichorithi. Ukimwendea kwa adabu, atakuelewa.

Kano haiponi kwa kuvutwa wala kwa kulala tu. Inapona kwa kupewa kazi kidogokidogo. Lala chali, kunja magoti kiasi, visigino sakafuni, inua makalio na ukae hivyo sekunde 30 hadi 45. Pumzika dakika moja, rudia mara nne. Fanya siku nyingi za wiki. Maumivu madogo yanaruhusiwa: kama kumi ni maumivu ya kukulaza, yasizidi matatu, na kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, umepita kiasi, punguza. Baada ya wiki tatu au nne, sogeza visigino mbali kidogo na mwili, kisha jaribu mguu mmoja. Baadaye kabisa, ukiwa umetulia, anza kuinama kiunoni ukiwa umeshika dumu la maji, mgongo umenyooka na magoti yamelegea. Anza na lita tano, upande polepole. Hesabu miezi mitatu hadi sita. Najua ulitaka kusikia wiki mbili.

Na kwenye bajaji, weka mto unaoinua paja ili uzito usidondokee kwenye mfupa ule peke yake, na ukiwa kijiweni unasubiri abiria, shuka. Simama, tembea hatua ishirini, kisha urudi.

Sasa teke.

Neno "mishipa" linatuponza. Katika Kiswahili chetu cha kila siku mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na kuna wanaoiita hata ngiri mshipa. Mtu akisema mishipa haijafunguka, sijui anasema nini, na mara nyingi naye hajui. Ndani ya nyonga yako hakuna kitu kilichofungwa kinachongoja kufunguliwa. Kuna mambo matatu tofauti, na kila moja lina tiba yake.

La kwanza ni mfumo wa fahamu. Ndani ya misuli kuna vihisio vinavyopima umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani. Ukifika mahali ambapo mwili hujawahi kupatumia, ubongo unaikaza misuli kabla haijafika mwisho wake halisi. Unalijua basi lililofungwa kidhibiti mwendo: injini ina uwezo wa kwenda zaidi, lakini kwenye 80 inakatwa. Ndivyo ilivyo. Mtu anayenyoosha kwa mwezi mmoja akaona ameongeza kimo cha teke, sehemu kubwa ya alichopata si misuli kurefuka. Ni ubongo kukubali kupandisha kile kikomo kwa sababu umezoea na umeona hapana hatari. Misuli yenyewe hubadilika, lakini polepole sana na kwa kazi ya miezi. Ndiyo maana kukandamizwa kwa nguvu kunaweza kuleta kinyume chake: ubongo unasikia hatari, unakaza zaidi.

La pili ni nguvu, na hapa ndipo nadhani wewe umekwama. Jipime. Simama ushike ukuta, inua goti pembeni kama unayeanza mawashi geri, mguu umekunjwa. Lisaidie kwa mkono wako mpaka lifike juu kabisa linapoweza bila maumivu. Sasa achia mkono, goti libaki palepale. Likishuka, pima limeshuka kiasi gani kwa shibiri. Anza na mguu wa kushoto ulio mzima. Watu wengi wanaokuja kwangu wakilalamika kuwa wamekaza, goti linaanguka shibiri nzima na zaidi. Maana yake nafasi ipo, ila hawana nguvu ya kuifikia. Kumnyoosha mtu wa namna hiyo ni kumpanulia nyumba ambayo hata vyumba vya kwanza hajaingia.

Ulipoandika kwamba goti linashuka, nilitikisa kichwa nikiwa peke yangu. Mguu uliokaza unakwama. Unaoshuka, mara nyingi ni mguu uliochoka.

La tatu ni mfupa, na hili dojo nyingi hawalifundishi. Weka kiganja pembeni ya nyonga, zungusha mguu ndani na nje. Utasikia kinundu kinatembea chini ya ngozi. Hicho ni sehemu ya mfupa wa paja. Simama sasa, vidole vya mguu vikitazama mbele moja kwa moja, inua mguu ulionyooka kwenda pembeni bila kupindisha kiuno. Kwenye nyuzi 45 hivi utagota, na hata wale vijana watagota karibu na hapo, kwa sababu mfupa na tishu zilizouzunguka zinakutana na mfupa wa nyonga. Sasa zungusha paja ili goti litazame juu kidogo, na uachie kiuno kiiname. Mguu unapanda bila kunyooshwa hata mara moja.

Ndiyo kusema, teke la juu halipandi kwa kulazimisha mguu pembeni. Linapanda kwa kugeuza mwili mzima. Mguu uliosimama lazima uzunguke mpaka kisigino kimwelekee unayempiga, kiuno kigeuke, ndipo nyonga ifunguke. Waombe wakurekodi kwa simu kutoka pembeni, kisha tazama kisigino chako cha mguu wa chini wakati teke linapofika. Nadhani utakikuta kinatazama ukutani, nusu ya safari. Na hapo ndipo unapoangukia nyuma: mguu unataka kwenda juu, kiuno kimegoma kugeuka, mwili unatafuta pa kukimbilia. Kama mnafanyia kwenye saruji isiyo laini, wayo unashika, haugeuki, na goti la mguu uliosimama ndilo linalosokotwa. Niseme neno hapa: wanaoharibu magoti kwa mateke mara nyingi si goti linalopiga, ni lile lililobaki chini. Inua kisigino kidogo, zungukia sehemu ya mbele ya wayo, hata kama mwanzoni utaonekana unacheza ngoma.

Kuhusu miaka 25. Waliokuambia hawakusema uongo mtupu. Kufikia umri huo mifupa imeshafunga kukua, na umbo la nyonga yako ndilo hilo utakalozikwa nalo. Watu wametofautiana: wengine kishimo cha nyonga ni kirefu, wengine kifupi, wengine shingo ya mfupa wa paja imeelekea mbele zaidi. Kuna mtu atakayepiga msamba wa pembeni akiwa na miaka 50 na kuna mwingine asingeupiga hata angeanza na miaka sita. Lakini misuli, nguvu, na ule mfumo wa fahamu havina tarehe ya kufunga. Vinajibu mazoezi hata kwa wazee ninaowahudumia, ingawa kwa mwendo wa pole zaidi.

Na si lazima upige msamba ndipo ufike kichwani. Wapo wanaofika sakafuni na teke lao halipiti bega, na wapo wasiofika sakafuni wanaogusa shavu la mpinzani.

Mazoezi, basi. Kabla ya darasa usikae chini kunyoosha dakika nyingi. Ukivuta msuli mmoja ukiwa umetulia zaidi ya sekunde 60 hivi, nguvu yake hupungua kidogo kwa muda, nawe unakwenda kupiga mateke. Kimbia polepole dakika tano mpaka jasho litoke, yumbisha miguu mbele na pembeni bila kurusha, kisha piga mateke ukianzia magotini, kiunoni, kifuani, kila raundi juu kidogo.

Siku tatu kwa wiki, weka dakika ishirini za nguvu. Lile jaribio la goti ndilo zoezi lenyewe: inua kwa mkono, achia, shikilia sekunde tano hadi kumi, mara tano kila mguu. Paja la mbele au pembeni ya nyonga itakakamaa. Usiogope, shusha, pumua, rudia. Misuli isiyozoea kufanya kazi ikiwa imejifupisha hufanya hivyo. Halafu teke la polepole ukishika ukuta: hesabu tano kupanda, mbili kukaa, tano kushuka. Hili linachosha kuliko mateke hamsini ya haraka, na vijana wa dojo wanalichukia kwa sababu linawaumbua. Tatu, panua miguu, chuchumaa upande mmoja huku mguu wa pili umenyooka pembeni, kisha hamia upande wa pili, mara nane. Hapo unanyoosha mapaja ya ndani na kuyatia nguvu kwa wakati mmoja, jambo ambalo msamba wa kukandamizwa haukupi. Kwa kulia, usishuke hadi pale chini ya tako panapolalamika.

Baada ya darasa, mwili ukiwa wa moto, ndipo unyooshe ukiwa umetulia. Keti, unganisha nyayo, viwiko juu ya magoti. Sukuma magoti juu dhidi ya viwiko kwa nguvu ya wastani sekunde saba, legeza, pumua nje, yaache yashuke yenyewe, kaa sekunde 30. Rudia mara tatu. Kaza kisha legeza, hivyo tu. Kipimo cha kujua umefika ni pumzi: ukianza kuizuia au kung'ata meno, umepita. Nyonga ya mbele pia usiisahau, wewe unayekaa siku nzima: piga goti moja chini, kaza tako la upande huohuo, sogea mbele kidogo, sekunde 30.

Sasa niwe mkweli kuhusu lengo lenyewe. Kwenye kumite, yaani pambano, ya Shirikisho la Karate la Dunia teke la kichwani ni pointi 3, la kifuani 2, ngumi 1. Tofauti ni pointi moja, na mguu ulio juu sana ukikosa, unabaki umesimama kwa mguu mmoja mbele ya mtu mwenye mikono miwili. Kwa mtu wa miaka 34 mwenye kano inayolalamika, mawashi geri ya kifuani iliyo kali, isiyotabirika, ni silaha nzuri tu. Sisemi uache kichwa. Nasema usikiendee kwa gharama ya paja.

Tena kanuni zenu zinataka teke la kichwani lidhibitiwe. Kwenye fainali ya uzito wa zaidi ya kilo 75, Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4–1 alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwani. Ganjzadeh akazimia, akatolewa kwa machela. Hamedi akaondolewa kwa kutumia nguvu kupita kiasi, na dhahabu ikaenda kwa aliyebebwa. Unyumbufu haukuwa tatizo la Hamedi hata kidogo. Ila fikiria mguu wako wewe, unaofika juu kwa kurushwa tu: mguu wa kurushwa huwezi kuusimamisha kwenye shavu la mwenzako. Mguu unaoupandisha kwa hesabu tano, huo una breki.

Ukiona haya, acha kusoma majibu ya mtaalamu wa mbali, nenda ukapimwe. Kama ulisikia mlio wa kukatika, ukapata alama ya damu iliyovilia nyuma ya paja au ukashindwa kukanyaga, nenda siku hiyohiyo, kano inaweza kuwa imeng'oka. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 hapo kinaweza kung'oka hata kipande cha mfupa, kwa hiyo wakisema paja limelia wasiambiwe wavumilie. Kama maumivu yanateremka hadi chini ya goti pamoja na ganzi, chanzo kinaweza kuwa mgongoni. Ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo na haja ni dharura, usisubiri kupambazuke. Na kama ukipandisha goti unasikia kubanwa mbele kwenye kinena, kwa ndani kabisa, hiyo huenda ni mifupa inagusana. Ikiwa ndiyo hiyo, hakuna kunyoosha kutakakoisaidia na kulazimisha kunaweza kuiharibu zaidi.

Wewe kwa miezi mitatu uliyonayo, nakushauri uende hata bila dalili hizo. Hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kawaida ina idara ya fiziotherapia. Ukifika, usiseme "mguu unauma" tu. Onyesha kwa kidole, sema ukikaa muda gani ndipo panaanza, na eleza ule msamba wa kukandamizwa.

Mafuta ya kuchua? Jipake ukipenda. Joto la mkono linatuliza, na mtu aliyetulia hujinyoosha vizuri zaidi. Lakini mafuta hayapenyi kwenda kurefusha misuli, yawe ya nazi au ya chupa ya bei. Na yeyote anayekuchua asiukandamize ule mfupa wa kukalia kwa kidole gumba akitafuta "mshipa uliojikunja". Paja lote mpe, hapo pale mwambie apite mbali.